Watu wa Uzito

Pale Mulongwe, mjini Uvira, ukiuliza fundi wa kubadilisha mashine za gari, utaelekezwa kwangu hata na mtu asiyenipenda. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baada ya hapo karibu kila nitakachosema ni cha aibu. Naitwa Bertrand. Shemeji yangu Protais, mume wa dada yangu Generose, alibeba kwa miezi mitano kosa lililokuwa langu. Mimi nilimwona akilibeba, nikanyamaza.

Ilianza na pikapu yake. Ilikuwa pikapu ndogo, yenye mashine ya petroli nyepesi ambayo watu wawili wenye nguvu wanaweza kuitoa kwa mikono. Protais analima mpunga Bwegera, na gari hiyo ndiyo iliyoleta magunia yake Uvira na kurudi na mbolea, sabuni na majirani. Siku moja mashine ikafa. Nilipoifungua nikakuta chuma kikuu cha katikati kimekatika vipande viwili, sikuhitaji hata kukuna kichwa. Bahati nzuri, au niseme bahati mbaya, nilikuwa na mashine ya dizeli ya minibasi moja iliyoanguka huko Makobola, nzima kabisa. Nikamwambia Protais aniachie gari na aende zake akalime.

Kuingiza dizeli kubwa ndani ya pikapu ndogo si mchezo. Nilikata, nikachomelea, nikatengeneza vishikio vipya, nikasogeza rejeta mbele hadi ikakaribia kugusa taa. Wiki tatu. Siku niliyoiwasha, nusu ya mtaa ilikuja kusikiliza. Mafundi wenzangu walizunguka gari wakitafuta kasoro, wakakosa, wakaanza kunipongeza kwa shingo upande. Nilivimba kichwa, sikatai.

Na kwa kuwa Protais anabeba mpunga, nilimwongezea nyuma vyuma viwili vya springi kila upande, vile vyuma bapa tunavyoviita lame. Hapa kwetu kila fundi anaviongeza. Usipoongeza, mteja anadhani hujamaliza kazi. Magurudumu mawili mazuri niliyaweka mbele, kwa sababu uzito sasa ulikuwa mbele. Yale ya zamani, yaliyokauka na kuwa magumu, yakabaki nyuma.

Kwa jicho la mtu anayejua, gari ile ilikuwa inalalamika hata ikiwa imesimama. Mbele imeinama, nyuma imenyanyuka, kama mbuzi anayekunywa maji. Ukiipakia magunia kumi na tano, ilikaa sawa na kwenda vizuri. Lakini tupu, nyuma haikuwa na kitu cha kuikandamiza chini. Springi zilikuwa ngumu mno, magurudumu yakawa yanarukaruka juu ya vishimo badala ya kuishika barabara. Na dizeli kubwa ina tabia yake: ukiondoa mguu kwenye mafuta, mashine yenyewe inayavuta magurudumu ya nyuma kama mtu aliyekanyaga breki. Gurudumu jepesi juu ya udongo uliolowa, likivutwa hivyo, linateleza. Hayo yote nilikuwa nayajua, hakuna aliyehitaji kunifundisha.

Baada ya majuma mawili Protais alirudi. Tulikuwa mafundi wanne pale uwanjani, pamoja na wateja na wauza mkate.

"Shemeji," alisema, "hii motoka iko na nguvu, siwezi kataa. Lakini nyuma inaniacha. Nikikata kona mu mvua, minye naenda huku, nyuma inaenda kwake."

"Iko na muzigo ao iko tupu?"

"Tupu."

"Sasa nani alikutuma utembeze pikapu tupu? Unaendesha upepo?"

Watu walicheka. Nilikipenda kicheko kile. Protais naye alitabasamu, maana ni mtu mpole. Ukimtukana, kwanza anajiuliza kama ulikuwa na haki.

"Mupunga hauko kila siku," akasema taratibu. "Siku ingine nakuja Uvira kutafuta bintu, nakuja tupu. Hakuna namna ya kuitengeneza?"

Namna ilikuwepo. Nivitoe vile vyuma nilivyoviongeza, nimwekee vifupi vinavyofanya kazi pale tu mzigo unapoingia. Betri na gurudumu la akiba vihamie nyuma. Bamba la chuma lifungwe kwa bolti chini ya sanduku la mizigo, juu ya ekseli. Magurudumu mazuri yarudi nyuma. Siku tatu za kazi. Lakini siku tatu hizo zingekuwa mbele ya macho ya mafundi walewale walionipongeza, nikibomoa kwa mkono wangu kazi niliyosifiwa nayo. Nikasikia uvivu. Nauita uvivu kwa sababu jina lake halisi linaniuma.

"Weka bantu nyuma," nikamwambia. "Watano, sita, wakae kabisa mwisho, pa juu ya magurudumu. Muntu ni uzito. Ao weye utakosa bantu wa kupanda bure mu Bwegera?"

Wakacheka tena. Protais akafikiri kidogo, akaona ni neno la fundi, akashukuru na kuondoka.

Usidhani nilizua kitu kipya. Kwenye uwanda wote wa Ruzizi, gari ikikwama kwenye tope, abiria wanapanda juu ya bampa ya nyuma wanarukaruka mpaka magurudumu yashike. Kila mtu amelifanya hilo tangu utotoni. Lakini gari ikitoka kwenye tope, watu wanashuka. Mimi niliwafanya watu kuwa sehemu ya gari.

Na Bwegera walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Asubuhi ambayo pikapu inakwenda tupu, Protais anapiga honi mara mbili, na wanaotaka kufika Uvira bure wanakuja mbio. Waliitwa watu wa uzito. Kulikuwa na mizaha yake: mtu mwembamba anaambiwa akale kwanza ndipo arudi, mnene anashangiliwa. Mkubwa wao alikuwa Mama Élisabeth, mjane mwenye miaka sitini na kitu, jirani yao, anayeuza mboga za majani sokoni, lengalenga na sombe. Alimlea Protais mgongoni wakati mama yake alipougua. Yeye alikuwa na nafasi yake, pembe ya kulia ya nyuma, na hakuna aliyethubutu kuikalia.

Nilikutana naye mara moja sokoni, akaniita kwa sauti kubwa, "Fundi! Minye ndiye lame yako ya kuume! Siku sikuje, motoka inaanguka!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nakumbuka nilimnunulia mafungu mawili ya sombe ambayo sikuyahitaji.

Ilikuwa mwezi wa nne, asubuhi, mvua imenyesha tangu alfajiri. Protais alikuwa na watu watano nyuma. Kabla ya kufika Kiliba kuna mteremko mdogo na kona, na chini yake daraja la mawe la kupitisha maji. Hakuwa anakimbia. Watu wote watano, na hata mwendesha baiskeli aliyekuwa mbele yake, walisema hakuwa anakimbia. Alimwona yule wa baiskeli anayumba, akaondoa mguu kwenye mafuta ili ampishe. Hiyo tu. Hakugusa hata breki. Nyuma ikamwacha. Gari ikajizungusha, ikaingia mtaroni kwa pembe ya kulia. Wanne waliangukia tope, wakainuka wakijipangusa. Mama Élisabeth alitupwa juu ya mawe ya daraja, na hospitali hawakumfikisha.

Siku ya tatu ya kilio nilikuwa Bwegera, nimekaa kwenye viti vya ukweni kwa heshima zote. Maneno yalikuwa yameanza kuzunguka. Kuna jirani mmoja aliyegombana na marehemu kuhusu mpaka wa shamba, na vijana walikuwa wanamtaja kwa sauti ambayo haikuwa ya chini tena. Ndipo Dieudonné, mtoto mkubwa wa Mama Élisabeth, aliposimama mbele ya watu wote na kunigeukia.

"Fundi Bertrand, sisi hatutafute kesi na muntu," alisema. "Protais ni ndugu yetu. Lakini bantu wanaanza kusema mama walimuroga. Weye ndiye unajua ile motoka. Utuambie tu: ilikuwa na shida, ao hapana?"

Nilikuwa nimekwisha kwenda kuiangalia gari mtaroni. Nilikuwa nimeinama chini yake, nikaviona vyuma vyangu vinne vimekaa pale, vimenyooka, havijapinda hata kidogo, maana havikuwa na mzigo wa kuvipinda. Kwa hiyo nilijua nilichokuwa naulizwa.

"Motoka iko muzima," nikasema. "Hakuna mulozi hapa. Chauffeur alikosea kidogo tu, mu mvua. Inafikaka kwa kila muntu."

Neno lile lilimwokoa yule jirani, na kwa siku kadhaa nilijipa moyo kwa hilo. Nilijiambia nimezima moto. Ukweli ni kwamba nilimtazama Protais nilipokuwa nasema, naye alikuwa anaitika kwa kichwa, taratibu, kama anavyoitika kwa kila ninachomwambia. Kisha akasimama, akaomba msamaha mbele ya watoto wote wa marehemu, mmoja mmoja, kwa kosa la mkono wake. Walimsamehe. Mimi, baada ya haya yote ninayosimulia, nimekwisha kurudi mbele ya watu walewale nikayafuta maneno yangu, lakini miezi ilikuwa imekwisha kupita na haifutiki.

Tangu siku ile Protais hakushika usukani. Pikapu ilivutwa hadi nyumbani, ikafunikwa turubai. Mpunga wake akausafirisha kwa magari ya wengine. Mwezi wa tano Generose alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Keza. Nilipeleka nguo na sabuni kupitia mtu, nikasingizia kazi nyingi.

Mwezi wa tisa dada yangu alikuja mwenyewe Mulongwe, gari inavutwa nyuma ya lori, mtoto mgongoni.

"Protais anataka auzishe," akasema. "Kuko munaume wa Luvungi, Ndayiragije, anaitaka. Uinyooshe, ipate sura ya motoka."

"Na yeye mwenyewe?"

"Iko tu." Akamsogeza mtoto mgongoni. "Analima, anakula, anaenda misa. Hasemi. Munaume mwenye alikuwa anaimba akifunga viatu."

"Itapita," nikasema, na nikaingia chini ya gari haraka ili asinione uso.

Ningeweza kunyoosha bati, kupaka rangi na kuiacha iende zake. Nilikuwa nimeamua hivyo, Mungu anisamehe. Lakini siku iliyofuata Ndayiragije alipita kuiangalia, mtu mwenye furaha, mikono mikubwa, na akaniambia atafunga mabenchi mawili nyuma, apeleke akina mama sokoni. Akapimapima kwa hatua, akanionyesha kila mama atakapokaa. Baada ya kuondoka kwake sikuweza kula.

Nikafanya ile kazi. Niliviondoa vyuma vyote vinne, nikaweka vifupi vya kusubiri mzigo. Nilipata bamba zito la chuma kutoka kwenye boti iliyokatwakatwa bandarini Kalundu, nikalifunga juu ya ekseli kwa bolti nane. Betri ikaenda nyuma, kwa waya mrefu niliouficha vizuri, na gurudumu la akiba vilevile. Nikabadilisha vizuia-mtikiso. Magurudumu ya nyuma nikayaweka mapya yenye mpira laini. Wenzangu walikuja kuniuliza kwa nini nabomoa kazi yangu nzuri. Waliona uso wangu, wakaenda zao. Ilinichukua siku tatu, sawasawa kama nilivyojua tangu mwanzo.

Nilijipa matumaini ya kijinga. Nilisema Protais atatia sahihi, Ndayiragije ataondoka na gari, na hakuna atakayejua. Gari itakuwa salama na mimi nitakuwa nimelipa kwa siri.

Jumamosi walikuja wote, Protais, Generose na mtoto. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, barabara imelowa. Nilijitolea kuendesha mimi, tuende Kavimvira na kurudi, mnunuzi aone. Ndayiragije akakataa kabisa.

"Minye sinunue motoka yenye mwenyewe anaogopa kuendesha," alisema. "Hapana, papa. Yeye ashike."

Ndivyo ilivyo huku, na alikuwa na haki. Protais alijipangusa viganja kwenye suruali, mara mbili, akapanda. Ndayiragije akakaa dirishani, mimi katikati. Nyuma hapakuwa na mtu wala gunia.

Mpaka tunapita soko alikuwa anaendesha kama mtu anayebeba mayai. Jasho lilimtiririka shingoni. Tulipofika mahali ambapo mto hushusha tope barabarani, kona ya kushoto, nikasikia anavuta pumzi. Mbele yetu mbuzi alikatiza. Protais akaondoa mguu kwenye mafuta, ghafla, kwa woga.

Gari ikapunguza mwendo, ikakata kona, ikaendelea. Nyuma ilifuata mbele, bila kutikisika.

Ndayiragije alikuwa anasifia mlio wa mashine. Protais alikuwa anatazama kioo cha nyuma. Kwenye kona iliyofuata akaongeza mwendo kidogo, akaondoa mguu tena, makusudi safari hii. Nyuma ikashika. Akafanya mara ya tatu, tukiwa juu ya tope tupu. Nilimwona anaacha kuogopa. Kisha nikamwona anaanza kuelewa, na hapo ndipo nilipoogopa mimi.

Tuliporudi, Ndayiragije alishuka akiipigapiga bodi kwa furaha, akaenda kumsalimia Generose, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha bati na mtoto mapajani. Protais alizima mashine, hakushuka. Nami sikuwa na pa kupitia, maana mlango wa pili Ndayiragije alikuwa ameubamiza, na ule mlango ukibamizwa kwa nguvu haufunguki kwa ndani. Lakini hata ungefunguka, nadhani ningekaa.

"Ulifanya nini nyuma?"

Nikamwambia, kitu kimoja kimoja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ilikukamata siku ngapi?"

"Tatu."

"Na ulijua tangu lini kama iko namna?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimekwisha kuzoea.

"Siku ile ulikuja kuniambia nyuma inakuacha."

Akatazama mbele, kwenye kioo kilichojaa matone. "Ku kilio, Dieudonné alikuuliza."

"Ndiyo."

"Minye nilikuwa hapo."

"Ndiyo, shemeji."

Nilisubiri anipige. Kusema kweli nilitaka anipige, kwa sababu mtu akikupiga unabaki na kitu cha kudai. Hakunigusa. Aliiweka mikono yake miwili juu ya usukani akaitazama, mbele na nyuma, kama mtu anayetazama vitu vya mwingine.

"Keza iko na miezi ine," alisema. "Sijamushika hata siku moja. Generose anafikiri nilikataa mutoto kwa sababu ni mwanamuke. Nilimuacha tu afikiri vile. Nilikuwa nasema, hii mikono iliua muntu mwenye alinibeba, isiguse mutoto."

Sikuwa nimejua. Dada yangu alikaa mbele yangu na mtoto yule mgongoni, akaniambia mume wake hasemi, na mimi nikamjibu kwamba itapita.

Protais akafungua mlango, akashuka. Alivuka uwanja katikati ya vyuma na madimbwi ya mafuta, akampita Ndayiragije aliyekuwa bado anaongea, akasimama mbele ya Generose, akanyoosha mikono yote miwili. Dada yangu hakuelewa. Kisha akainua mtoto, polepole, akampa.

Keza alimtazama usoni yule mwanamume. Akageuka kumtafuta mama yake, akakunja uso, akapiga kelele, akajinyonga mwili mzima na kukamata kitenge cha Generose kwa vidole vyote.

"Anakukataa," Generose alisema. "Hakujue weye nani."

Protais hakumrudisha. Alimshikilia hivyohivyo, vibaya, kama mtu asiyejua kichwa cha mtoto kinawekwa wapi, na mtoto akazidi kulia. Mimi nilikuwa bado ndani ya gari.